Farasi anayesimama kwa miguu miwili: niandike nini kwenye tangazo?

*Swali: Tuna farasi aliyehasiwa, umri wake miaka 9. Alikuwa wa mbio pale Ngong kabla hatujamnunua miaka mitatu iliyopita. Bandani ni mpole, lakini akitolewa nje peke yake husimama kwa miguu ya nyuma, na binti yangu wa miaka 15 ameanguka mara mbili. Tumeamua kumuuza. Mume wangu anasema tuandike "anahitaji mpandaji mwenye uzoefu" na tuishie hapo, maana si uongo. Mimi naona ni kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia. Lakini nikisema yote, nani atanunua? Na nisiposema, sheria inanishika vipi? (Mama wa mpandaji, Nanyuki)*

Dada yangu, kwanza pole kwa binti, na shukuru Mungu kwamba umeandika barua hii akiwa mzima. Farasi wa aina hiyo ana uzito wa kilo 450 hadi 550. Akisimama wima kisha akakosa mizani, huanguka kinyumenyume, na aliye juu yake hana pa kukimbilia. Tunachozungumza hapa si tabia ya utukutu kama ya farasi anayeiba karoti mfukoni.

Mumeo ana haki kwa jambo moja: maneno yale si uongo. Kasoro yake ni kwamba hayana kitu ndani. Mpandaji mwenye uzoefu ni nani? Kijana aliyezungushwa mara kumi juu ya farasi wa ufukweni Mombasa atajihesabu mzoefu. Mzee aliyecheza polo Gilgil miaka 20 naye ni mzoefu, ila magoti yake siku hizi yanamsaliti. Wote wawili watakupigia simu, na wote wawili watakuwa wamelielewa tangazo lako sawasawa.

Sisi tulio katika kazi hii tumekwisha kujitungia lugha ya mafumbo. "Mchangamfu" maana yake anatimka. "Ana moyo" maana yake hasimamishiki. "Si wa mtoto" maana yake ameshamwangusha mtoto. "Anauzwa bila kosa lake" huwa ni kosa lake. Anayeijua lugha hiyo atakatakata bei kabla hata hajamwona mnyama, maana atadhania mabaya kuliko yaliyopo. Asiyeijua ndiye atakayenunua. Yaani tangazo la mafumbo huwachuja wanunuzi kinyume: linamfukuza anayefaa na kumkaribisha asiyefaa.

Lakini kuna mtu wa tatu ambaye hamkumtaja, wewe na mumeo, nami ndiye ninayemfikiria kwanza kwa sababu nilianzia hapo. Ni saisi, mtunza farasi wa bandani. Anayesoma tangazo ni mwenye pesa. Anayeingia bandani saa kumi na moja na nusu alfajiri, tochi mdomoni na ndoo mkononi, ni saisi, na yeye tangazo hakulisoma. Aliambiwa tu, "Farasi mpya amefika jana usiku."

Nitakwambia langu, nisije nikaonekana mtakatifu. Miaka mingi iliyopita nilimuuza farasi jike, mzuri wa sura, mzuri wa mwendo. Alikuwa na jambo moja: ukimjia kutoka nyuma upande wa kushoto wakati anakula, alirusha teke bila kuonya. Sisi wa pale tulishazoea. Tulipiga mluzi mlangoni, tukapitia kulia, mambo yakaisha. Kwenye tangazo niliandika "mtulivu mkononi", na wallahi wakati naandika sikujiona ninadanganya, kwa kuwa kwangu alikuwa mtulivu. Wiki ya pili saisi wa mnunuzi alivunjika mbavu mbili. Mnunuzi mwenyewe hata hakunilalamikia. Alicheka akasema farasi ni farasi. Yule saisi alikaa nyumbani wiki sita, na alikuwa kibarua wa kulipwa kwa siku. Nilipokwenda kumwona aliniuliza swali moja tu: "Mzee, ulikuwa unajua?"

Tangu hapo nina kipimo kimoja. Ukitaka kujua tangazo lako limetimia, mwite saisi wako umsomee kwa sauti, kisha umuulize: ungekuwa unampokea farasi huyu leo, kuna kitu ungetaka kuambiwa ambacho sijakiandika? Utashangaa. Watu wa bandani wanajua mambo ambayo mwenye farasi hajawahi kuyaona, kwa sababu yeye huletewa farasi akiwa ameshatandikwa.

Sasa, kabla hujaandika neno lolote, mwite daktari wa mifugo anayejua farasi. Hujaniambia kama umefanya hivyo. Farasi anayesimama wima mara nyingi anasema kitu, na mara nyingi anachosema ni "naumwa". Akague meno: jino lenye ncha kali au kidonda ambapo lijamu, kile chuma cha mdomoni, inagusa vinatosha kumfanya mnyama ainue kichwa kukwepa mkono. Akague mgongo, na tandiko pia, maana farasi aliyetoka mbioni akiwa mkavu hubadilika umbo akinenepa, na tandiko lililomkaa miaka mitatu iliyopita leo linaweza kumbana mabegani. Aulize habari za vidonda vya tumbo. Tumbo la farasi hutoa asidi mchana kutwa na usiku kucha, awe anakula au hali, na farasi wa mbio hulishwa nafaka nyingi na nyasi chache, kwa hiyo vidonda ni ugonjwa wao wa kawaida. Akikutwa na maumivu, umepata jibu jingine kabisa: tibu kwanza, uza baadaye, au usiuze.

Asipokutwa na kitu, basi tuzungumzie malezi, na hapo pana maelezo ambayo wanunuzi wengi wangefurahi kuyasoma. Angalia farasi wa mbio alivyokua. Asubuhi, kabla jua halijakolea, hutolewa kwa msururu, mmoja nyuma ya mwenzake. Maisha yake yote hajawahi kutoka peke yake. Hapandwi akiwa amesimama: saisi hushika mguu wa mpandaji chini ya goti na kumrusha juu huku farasi anaendelea kutembea. Hatamu zikikazwa, kwake maana yake ni "kaza mwendo", si "simama". Sasa mchukue huyo, msimamishe langoni Nanyuki, mwenyewe, wenzake wakimlilia nyuma, mtoto juu anaogopa na anavuta hatamu. Ameambiwa nenda na ameambiwa usiende. Njia iliyobaki ni ya juu. Simtetei, ila mnunuzi anayejua kazi akisoma kwamba farasi hufanya hivyo *akiwa peke yake langoni tu*, ataona tatizo lenye mipaka. Akisoma "anahitaji uzoefu", haoni mipaka yoyote.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kuandika ni kuacha sifa na kueleza tukio. Anafanya nini, wapi, lini, mara ngapi, na aliyekuwepo alifanya nini kikasaidia au kisisaidie. Mimi ningeliandika la kwenu hivi. Hesabu na mambo madogo ya bandani nimekisia, weka ya kweli:

"Farasi aliyestaafu mbio, amehasiwa, miaka 9, hudhurungi, kimo sentimita 163. Hauzwi kwa mtoto wala kwa anayejifunza. Akitolewa langoni peke yake husimama kwa miguu ya nyuma: mara 6 tangu Januari, na mara 2 binti yetu wa miaka 15 ameanguka. Akitoka nyuma ya mwenzake hajafanya hivyo hata mara moja. Uwanjani ndani ya uzio ni msikivu katika mwendo wote. Bandani: anakamatika malishoni, anatulia kwa fundi wa kwato, anakubali sindano. Mkanda wa tumbo ukikazwa haraka hugeuka kutaka kuuma. Kaza kidogo kidogo. Kwenye lori anaingia akiona mwenzake ametangulia; peke yake ilituchukua saa nzima. Daktari amemkagua mwezi huu meno, mgongo na miguu, na ripoti utaisoma. Tumejaribu kumwongoza kwa miguu nje ya lango kwa wiki tatu. Ilisaidia, lakini hatuna mpandaji wa kuendelea naye. Tunamuuza kwa sababu binti amepata hofu. Anayekuja kumwona atamwona akipandwa na mtu wetu kwanza."

Ona ubaya ulipowekwa: mstari wa pili na wa tatu, sio mkiani baada ya picha tano nzuri. Kuna hadithi mashuhuri ya Mtume sokoni Madina: alipita kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba ilinyeshewa mvua. Akaulizwa, mbona hukuiweka iliyolowa juu, watu wakaiona? Mwenye nafaka hakuwa ameongeza uongo wowote. Alichofanya ni kupanga tu. Matangazo mengi ya farasi yanafanya kosa hilohilo la kupanga.

Nani atanunua? Wapo, na si wachache kama unavyodhani. Kuna nyumba ambazo farasi hawatoki isipokuwa kwa kundi. Kwao tabia ya huyu ni kama haipo. Kuna wapandaji wa mashindano ya kuruka ambao hawana haja ya kwenda matembezini peke yao. Kuna wafundishaji wanaotafuta farasi mzima wa mwili mwenye tatizo la akili, kwa bei inayolingana, wamfanyie kazi miezi sita. Utapata simu tatu badala ya thelathini, na hizo thelathini ndizo zingekumalizia wikendi. Bei itashuka, ndiyo. Lakini ilikwisha shuka siku ile aliposimama wima; tangazo la mafumbo lingekuwa linamkopesha mtu mwingine hasara hiyo bila kumwambia.

Watakapokupigia, uliza wewe kabla hujaulizwa. Nani atampanda? Nani atamhudumia? Una farasi wengine? Mara ya mwisho kupanda farasi anayesimama wima ulifanya nini? Anayejua atakwambia alilegeza mkono, akainama mbele, akamsukuma atembee. Anayesema "nilimvuta chini", mshukuru na ukate simu kwa adabu.

Siku ya kumwonyesha, usimchoshe asubuhi yake. Najua hila zote za biashara hii: kumzungusha kwenye kamba saa mbili hadi alegee, kumnyima maji ili azubae, kumchoma dawa ya kutuliza. Ndiyo maana mnunuzi mjanja hufika saa moja kabla ya wakati, akagusa kifua kuona kama kina jasho lililokauka, akatazama kope kama zimelegea na, kwa dume au aliyehasiwa, kama uume umening'inia bila sababu. Wengine hupima damu. Hila zenyewe ni za kale. Uingereza ya karne ya 19 walikuwepo waliochonga na kuchoma meno ya farasi mzee ili alama zake zisomeke kama za kijana. Wewe mwache bandani mkavu, mgeni aone anavyokamatwa, anavyosuguliwa, anavyotandikwa. Kisha mtu wenu ampande, amtoe langoni, na kama atasimama wima, asimame mbele ya mgeni. Kama hakuna kwenu anayethubutu kumpanda, liandike hilo pia, na asipandwe kabisa siku hiyo. Kumtanguliza mgeni juu ya farasi ambaye ninyi wenyewe mnamwogopa ni jambo ambalo sitalipamba kwa maneno.

Nije kwenye sheria, kwa kifupi, maana mimi si wakili na kwa mkataba wenyewe utamwona mmoja. Kenya tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyotokana na ile ya Uingereza ya 1893, na farasi humo ni bidhaa kama gunia la mahindi. Msingi wake wa zamani ni kwamba mnunuzi ajihadhari. Mtu binafsi anayeuza mnyama wake kwa ujumla halazimiki kutaja kila kasoro asiyoulizwa. Kule Uingereza mwaka 1878 Baraza la Mabwana, lililokuwa mahakama yao ya juu, liliamua kesi ya *Ward v Hobbs*: mtu aliuza sokoni nguruwe wenye homa ya kuambukiza, akatangaza kwamba wanauzwa na kasoro zao zote, na akashinda, ingawa nguruwe walikufa na kuambukiza wengine. Mumeo angeipenda kesi hiyo.

Lakini ukifungua mdomo, mambo hubadilika. Mwaka 1913, katika *Schawel v Reade*, mnunuzi alikuwa anamkagua farasi dume wa kupandishia, mwenye mali akamwambia hana haja ya kutafuta kitu, farasi ni mzima kabisa, na kama kungekuwa na shida angemwambia. Mnunuzi akaacha kukagua. Farasi hakufaa kitu kwa kazi hiyo, na maneno yale yakahesabiwa kuwa dhamana, yaani ahadi inayomfunga muuzaji. Ajabu ni kwamba mwaka 1854, katika *Hopkins v Tanqueray*, maneno yanayokaribiana sana na hayo, yaliyosemwa kwa mtu aliyepiga magoti akipapasa miguu ya farasi siku moja kabla ya mnada, hayakuhesabiwa dhamana. Wanasheria wanabishana hadi leo tofauti iko wapi. Usitake kuwa kesi ya tatu.

Na hatari yako kubwa haiko kwenye kunyamaza kabisa, iko kwenye nusu. Ukiandika "bandani mpole, uwanjani msikivu" ukaruka lango, umempa msomaji picha ya farasi mpole kila mahali, na kila neno uliloandika ni la kweli. Mahakama zinaijua nusu ya ukweli tangu zamani, na huweza kuihesabu kuwa upotoshaji. Warumi waliliona mapema zaidi: wasimamizi wa masoko yao waliwalazimisha wauzaji wa wanyama wa kazi kutangaza ugonjwa na kasoro waziwazi, na katika mkusanyiko wa sheria wa mwaka 533 imeandikwa kwamba mnyama anayeshtuka bila sababu na kujichomoa akimbie ni mnyama mwenye kasoro, sawa na ng'ombe apigaye watu pembe. Yaani tabia ilihesabiwa kasoro kama kilema cha mguu.

Kwa hiyo muwe na karatasi. Nakala ya tangazo lenyewe iambatishwe, mnunuzi aandike kwa mkono wake kwamba ameambiwa na ameona farasi husimama wima akiwa peke yake, tarehe, sahihi zenu wote. Mkikubaliana majaribio ya wiki mbili, andikeni nani anamlisha, nani anamlipa daktari akiumia, nani tu ndiye anaruhusiwa kumpanda, na anarudishwa kwa gharama ya nani. Karatasi hiyo inakulinda wewe kuliko fumbo lolote la mumeo. Mwonyeshe sehemu hiyo. Wanaume wengine husikia vizuri zaidi ikiwa na sahihi.

Kuna uwezekano mmoja ambao hukuuliza. Kama daktari atasema maumivu yapo na hayatibiki, au kama ameanza kusimama wima hata akiwa na wenzake, usimuuze kwa bei yoyote, hata kwa mtu anayeapa kwamba anamweza. Farasi wa bei ya chini huuzwa tena, na tena, na kila mkono unaompokea unaambiwa kidogo kuliko uliotangulia. Wa tatu hapo hatakuwa na tangazo lako. Mweke malishoni kama mwenza wa wengine ikiwa una nafasi na nyasi, au umwombe daktari amlaze kwa amani nyumbani kwake. Ni neno zito, lakini nimeona hizo safari za mkono kwa mkono zinapoishia.

Akipata mnunuzi wake, siku ya kumpakia usikabidhi pasipoti ya farasi, yaani karatasi zake za utambulisho, na kumbukumbu za chanjo tu. Mwombe aje na saisi wake, umpe na wako nusu saa pamoja, bila ninyi matajiri kusimama hapo. Wamtandike wote wawili, wamwingize kwenye lori wote wawili. Waachie chai.